Ogoni hawachimbi mafuta tangu 1993. Mbona visima vya maji bado vinanuka petroli?

#1 Mkaa Gizani
Habari zenu wadau. Naomba mnieleweshe jambo moja, limenikaa kichwani tangu juzi.

Kule Nigeria, Jimbo la Rivers, kuna watu wanaitwa Waogoni. Ardhi yao ni kilomita za mraba kama 1,000 tu, wilaya nyingi za kwetu zinaizidi. Mafuta yaligunduliwa kwao 1958. Januari 1993 wakaandamana kwa maelfu, mwaka huohuo Shell ikafunga virago, na hadi leo visima vyake vya mafuta vimekaa bure. 1995 serikali ya kijeshi ya Abacha ikamnyonga Ken Saro-Wiwa, mwandishi aliyeongoza harakati za Waogoni, na wenzake wanane. Hayo wengi mnayajua.

Lililonishinda ni hili. 2011 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, hawa jirani zetu wa Gigiri, wakatoa ripoti: kuna mahali watu wanakunywa maji ya kisima yenye benzini (si petroli, ile kemikali inayoleta saratani) zaidi ya mara 900 ya kiwango cha WHO. Hiyo ni miaka 18 baada ya uchimbaji kusimama! Sasa kama hakuna anayechimba, mafuta yanatoka wapi? Na msinijibu "mabeberu" halafu mkaondoka. Nataka kujua inatokeaje.

#2 Dogo Kigoda
Nimeshavuta kigoda, kahawa ipo. Wenye elimu zao karibuni.

#3 Fundi Koki
Mleta mada, kuacha kuchimba si kung'oa mitambo. Ukifunga duka lako usiku, bomba la DAWASA linalopita chini ya sakafu halisimami.

Ogoni inapitiwa na bomba kuu, Trans-Niger. Hilo linabeba mafuta ya maeneo mengine kwenda kwenye matangi ya Bonny kupakiwa melini. Kwa hiyo Waogoni hawachimbi, ila mafuta ya wenzao yanapita uani kwao kila siku, kwenye mabomba mengi yaliyokwisha umri. Ongeza vile visima vya 1993: viliachwa haraka, havikuzibwa kitaalamu, na UNEP walipokwenda wakakuta mitambo imekaa kama gari bovu gereji. Chuma, chumvi na miaka 20, unategemea nini?

#4 Sijali Sana
Hahaha, Fundi umeongea kistaarabu mno. Sema ukweli: wanaiba wenyewe. Vijana wa pale wanatoboa bomba usiku, wanapika mafuta porini. Wanaita "kpo-fire". Nimeona video zake, ni upishi wa gongo uleule! Pipa juu ya moto, bomba linapita kwenye maji, kwanza inadondoka petroli, halafu mafuta ya taa, halafu dizeli. Machicha yote yanamwagwa mtoni. Halafu wakimaliza wanakwenda London kushtaki kampuni.

#5 Baharia Mstaafu
Salaam kutoka Likoni. Mimi sikuona video, nilikuwepo. 2017 meli yetu ilikaa Onne siku kumi na moja ikingoja kupakua. Onne iko hukohuko kwa Waogoni, upande wa Eleme. Ukianika fulana nyeupe asubuhi, jioni ina vidoadoa kama imenyunyiziwa wino. Kupenga kamasi, leso nyeusi. Mpishi wetu alifunika sufuria hadi na chandarua.

Wenyeji walituambia masizi yale yalianza kuzidi mwishoni mwa 2016. Nikauliza yanatoka wapi. Wa kwanza akasema ni wapika mafuta. Wa pili akasema ni askari, wakikamata mafuta ya wizi wanayachoma palepale. Wa tatu akasema ni miali ya gesi ya kampuni, ipo tangu babu yake. Sijali, ungekuwa nasi ungemchagua yupi?

#6 Sijali Sana
Wa kwanza.

#7 Wakili Kiasi
Sijali hajakosea kabisa, ila amechanganya miaka. UNEP wenyewe waliandika kuwa upikaji wa porini Ogoni uliongezeka sana tangu 2007. Sasa nenda Ejama-Ebubu, hapohapo Eleme. Pale mafuta yalimwagika 1970, wakati wa mwisho wa vita vya Biafra. Wataalamu walifika miaka 40 baadaye, na udongo bado ulikuwa umelowa. Huyo kijana wa kpo-fire baba yake alikuwa hajaoa.

Halafu hili neno "hujuma" lina kazi yake kisheria. Nigeria, mvujo ukiandikwa kuwa ni hujuma, mwathirika halipwi fidia. Na anayekwenda kuandika chanzo ni nani? Ni ziara ya pamoja: kampuni, serikali na wanakijiji. Lakini boti ni ya kampuni, fundi wa kampuni, vipimo vya kampuni. Mwanakijiji anaitwa kuweka sahihi.

Kesi ya wakulima na wavuvi waliokwenda Uholanzi kuishtaki Shell ilihusu hilo, na mmoja wao alikuwa wa Goi, kijiji cha Ogoni. Walifungua 2008. Januari 2021 mahakama ya rufaa ya The Hague ikasema: anayedai hujuma aithibitishe bila kuacha shaka ya maana. Kwa Goi na kijiji kingine, Oruma, kampuni ikashindwa kuthibitisha. Desemba 2022 ikakubali kulipa yuro milioni 15. Miaka kumi na nne hiyo, baadhi ya walioanza safari hawakuiona fedha.

#8 Mkaa Gizani
Asante Fundi, asante Wakili. Baharia shikamoo. Swali la nyongeza: mdhibiti alikuwa wapi muda wote huo? Nigeria haina NEMC yake?

#9 Fundi Koki
Inayo, tena mbili, na hapo ndipo palipooza. Zamani kulikuwa na idara ya mafuta, DPR, chini ya wizara ileile yenye kazi ya kuhakikisha mapipa yanatoka kwa wingi. Umemweka fisi awe mlinzi wa bucha kisha unamdai stakabadhi. 2006 ikaundwa NOSDRA, ya kushughulikia umwagikaji tu. Nzuri. Ila haikupewa boti wala helikopta, ikitaka kwenda eneo la tukio inaomba lifti kwa kampuni.

Kituko chenyewe ni namba. Mwongozo wa Nigeria wa 1992 una viwango viwili vya mafuta kwenye udongo. Kimoja ni 5,000, miligramu kwa kilo, hapo unalazimika kuingilia kati. Kingine ni 50, hicho ndicho unachopaswa kukifikia ukisafisha. DPR na NOSDRA wakawa wanausoma kila mmoja kivyake, na kampuni ikashika tafsiri nyepesi: ukishuka chini ya 5,000 tu, funga faili, kata keki. UNEP walirudia kupima maeneo 15 ambayo vitabu vya Shell vilisema yamekwisha safishwa. Kumi bado yalikuwa machafu, yamezidi hata viwango vya kampuni yenyewe.

#10 Kiroboto
Nina sahihisho kwa mleta mada, maana watu watainakili hii kwingine. Kile kisima cha mara 900 kiko Nisisioken Ogale, Eleme. Kilichokutwa pale si mafuta ghafi, ni mafuta yaliyosafishwa, tabaka la sentimita 8 limeelea juu ya maji ya ardhini. Na bomba lililokuwa jirani ni la NNPC, shirika la umma la Nigeria. Kwa hiyo mfano mnaopenda kumpigia Mzungu, ule mbaya kuliko yote, una mkono wa serikali ya Mwafrika. Mengine ya Shell simwondoi, yapo tele.

#11 Mkaa Gizani
Aisee, hilo sikulijua. Nimeipokea.

#12 Sijali Sana
Kiroboto leo umeng'ata panapouma 😂

#13 Nyamizi
Mimi si mtaalamu lakini hiyo sentimita 8 naielewa. Tulikuwa na kisima cha kuchimba kwa mkono, nyumbani kwa mama. Jirani kikajengwa kituo cha mafuta, jina sitaji. Mwaka wa tatu maji yakaanza kunukia. Si kunuka, kunukia, utamu fulani hivi. Mama akadhani ni ndoo ya dukani, akabadilisha ndoo. Akabadilisha kamba. Mwisho mdogo wangu akachota kwenye kikombe cha kioo, tukaona rangi za upinde wa mvua juu.

Tulipokwenda kulalamika, ofisi ya kwanza ikasema leteni majibu ya maabara. Maabara ikasema kipimo hicho hatuna, nendeni mkoani. Mkoani wakataja bei, ilikuwa ni mishahara miwili ya mama. Kituo wakasema tangi letu ni jipya, labda ni gereji ya ng'ambo ya barabara. Gereji wakacheka. Tukakifunika kisima kwa zege, mpaka leo tunanunua maji kwa dumu.

Kwa hiyo nikisoma kwamba Waogoni waliambiwa walete ushahidi, nawaelewa.

#14 Dogo Kigoda
Pole sana dada. Ila mngepikia chai mngeokoa gesi.

#15 Nyamizi
Dogo, mama anasoma humu. Nakutuma kwake ukamwambie hivyo.

#16 Dogo Kigoda
Shikamoo mama, nilikuwa natania 🙏

#17 Mvuvi wa Rufiji
Nimesoma kimya tangu juu. Mnaongea mabomba na sheria, hakuna aliyegusa mikoko, na Ogoni upande wa Bodo ni hori na mikoko kama kwetu deltani.

Mkoko unapumua kwa ile mizizi iliyosimama nje kama miguu ya kaa. Ukiipaka mafuta umeuziba pua. Maji yakipwa mafuta yanakaa kwenye tope, yanaingia kwenye matundu ya kaa. Maji yakijaa yanainuka tena, yanapanda mbele zaidi. Mara mbili kwa siku, mwaka mzima. Kwa hiyo mvujo mmoja wa wiki chache unajimwaga upya kila bamvua bila mtu kufungua koki. Mleta mada, hili nalo ni jibu la swali lako: mafuta ya leo mengine ni ya juzi, bahari inayarudisha.

Na mkoko ukishakufa kule inaingia mipalma ya kigeni inaitwa nipa, inaziba vijito. Samaki wachanga hawana pa kujificha, na wale konokono wa topeni ambao kina mama wa kule huokota kwa kitoweo ndio basi tena.

#18 Fundi Koki
Mvuvi heshima yako. Niongeze upande wa nchi kavu. Njia waliyokuwa wakitumia kusafisha ni kama kulima: unapindua udongo wa juu, unaweka mbolea, unaacha bakteria wale mafuta. Walidhani chini kuna tabaka la mfinyanzi linalozuia yasizame. UNEP wakachimba, hakuna tabaka la namna hiyo linaloenea kote. Sehemu 49 walikuta mafuta yamefika mita 5 na zaidi. Mvua za kule si mchezo, kila masika yanasukumwa kisimani. Wamepiga deki sakafu na maji yako chini ya msingi.

#19 Ekai wa Lokichar
Mimi natoka Turkana, niwape ya kwetu. Mafuta yalipatikana kwenye kisima cha Ngamia-1 mwaka wa 2012, tukapiga ngoma. 2018 malori yakaanza kubeba mapipa kwenda Mombasa, wananchi wakayazuia barabarani wakidai usalama na mgao wao. Sheria ya 2019 ikasema kaunti asilimia 20, jamii asilimia 5. Mpaka leo mtu wa kijijini ukimwuliza ile asilimia 5 ameionja, anakuuliza wewe ni wa chama gani.

Lakini swali langu kwa Fundi: kwetu pia kuna mashimo ya taka za kuchimbia. Mbuzi akinywa pale akafa, nani anapima?

#20 Sijali Sana
Wakenya mmeshaleta siasa. Uzi ni wa Nigeria.

#21 Ekai wa Lokichar
Mbuzi sio siasa, bro.

#22 Kiroboto
Na Kenya hamhitaji kungoja Turkana. Thange, kaunti ya Makueni, 2015: bomba la mafuta yaliyosafishwa linalotoka Mombasa kwenda Nairobi lilivuja, mto ukaharibika, watu wakaenda mahakamani. Hakuna mwizi, hakuna kpo-fire, hakuna Abacha.

#23 Mwana Chongoleani
Sasa mnanitisha. Bomba la Hoima linaishia kwetu Tanga. Kilomita 1,443, nyingi ziko upande wa Tanzania. Tutakuwa Bodo nyingine?

#24 Fundi Koki
@Mwana Chongoleani tuliza moyo kidogo, si moyo wote. Mafuta ya Uganda ni mazito, yana nta, yakipoa yanaganda kama samli. Ndiyo maana bomba linapashwa joto hadi nyuzi 50. Likipasuka porini hayatakimbia mbali kama yale mepesi ya Nigeria. Na mwizi atoboe apate nini, mshumaa? Tena lenyewe limefukiwa.

#25 Mvuvi wa Rufiji
Porini sawa. Baharini je, meli ikipakia? Nta inayoelea juu ya maji haiwi samli, inakuwa vigololi vya lami vinavyotua ufukweni na kwenye nyavu. Kovu la nyavu nalijua mimi.

#26 Fundi Koki
Hapo umenifunga bao.

#27 Wakili Kiasi
Turudi Bodo kwa kuwa imetajwa, ina funzo la fedha. 2008 bomba la Trans-Niger lilipasuka mara mbili, Agosti na Desemba, na mara ile ya pili liliendelea kumwaga hadi Februari. Kampuni ikasema mvujo wa kwanza ulikuwa mapipa 1,640. Baadaye ikakiri hesabu ilikuwa ndogo mno. Na hapa @Sijali Sana usome mara mbili: kwa mivujo hiyo miwili Shell haikudai wizi, ilikubali kuwa ni hitilafu ya bomba lake.

Ofa ya mwanzo kwa mji mzima ilikuwa kama pauni 4,000. Walipofika London na mawakili, Januari 2015 ikawa pauni milioni 55: 35 kwa watu 15,600, na 20 kwa jamii. Kila mmoja karibu 2,200. Ofa ya kwanza na ya mwisho zimeachana namna hiyo, na mafuta ni yaleyale, hori ni lilelile. Kilichobadilika ni mahakama.

#28 Sijali Sana
Nimesoma mara mbili. Nakubali Bodo. Ila Wakili jibu hili: baada ya fidia wizi uliongezeka au ulipungua? Mtu aliyeona jirani kalipwa kwa mafuta kumwagika, hatatamani yamwagike na kwake?

#29 Wakili Kiasi
Kuna wanaosema hivyo, hata huko kwao. Lakini pima na wewe: kisima, shamba na uvuvi wa maisha yote kwa pauni 2,200. Biashara gani hiyo?

#30 Sijali Sana
Kijana asiye na kazi hapigi hesabu ya maisha yote. Anapiga ya Ijumaa.

#31 Baharia Mstaafu
Hili la Sijali ni kweli na linauma. Onne nilizungumza na kijana aliyekuwa anatuuzia kadi za simu. Alisema baba yake alikuwa mvuvi, yeye hata kuogelea hajui, kwa sababu alipokuwa mtoto alikatazwa kugusa maji. Akasema waliobaki na mtumbwi wanabebea mafuta ya wizi, maana samaki hakuna. Sasa nani alianza? Mafuta yaliua samaki, aliyekosa samaki akageukia mafuta. Mimi nilinunua kadi nikarudi melini.

#32 Mkaa Gizani
Na usafishaji wenyewe umefikia wapi? UNEP walisema miaka 25 hadi 30, na dola bilioni 1 za kuanzia.

#33 Kiroboto
Chombo kinaitwa HYPREP. Kilizaliwa 2012 chini ya wizara ya mafuta (mnaona tena fisi na bucha), kikalala. 2016 kikahamishiwa mazingira, uzinduzi ukafanyika Bodo kwa mbwembwe. Makandarasi wameingia uwanjani 2019. Mashirika ya kiraia yakachunguza, yakakuta kampuni nyingi zilizopewa kazi hazikuwahi kuandikishwa kusafisha mafuta. Siku hizi mikoko inapandwa na miradi ya maji imejengwa, tusiwanyime haki yao. Ila ripoti ilisema maji safi ni dharura, yaani jambo la kwanza kabisa, na watu wakaendelea kungoja miaka.

Machi 2025 Shell ikauza kampuni yake ya nchi kavu kwa muungano wa Renaissance. Juni mwaka huohuo Rais Tinubu akatangaza msamaha kwa Ken Saro-Wiwa na wenzake. Na serikali inazungumza na Waogoni uchimbaji urudi.

#34 Nyamizi
Msamaha? Aliyenyongwa anasamehewa kosa gani?

#35 Wakili Kiasi
Waogoni wengi wameuliza hivyohivyo. Wao wanataka hukumu ifutwe. Msamaha unaacha kosa mahali pake.

#36 Dogo Kigoda
Naomba nijumlishe nilivyoelewa, kahawa imeisha. Fundi anasema bomba. Sijali anasema wezi. Wakili anasema sheria. Mvuvi anasema bahari inarudisha. Kiroboto anasema serikali. Baharia anasema alinunua kadi ya simu.

#37 Baharia Mstaafu
Na haikushika mtandao.

#38 Fundi Koki
Dogo umenipunja, mimi nilisema bomba NA udongo NA namba mbili.

#39 Ekai wa Lokichar
Fundi bado hujanijibu ya mbuzi.

#40 Fundi Koki
Ekai samahani, uzi umenikimbiza. Msimzike wala msimle. Mwiteni daktari wa mifugo wa kaunti apasue achukue ini na yaliyomo tumboni. Maji ya shimo mchote kwenye chupa ya kioo, si ya plastiki, mjaze mpaka mdomoni isibaki hewa, mwiweke kwenye baridi. Pigeni picha ya shimo pamoja na alama yoyote ya mahali, mwandike tarehe na saa, na wazee wawili waweke sahihi. Fanyeni siku hiyohiyo, kabla gari la mtu mwingine halijafika.

#41 Nyamizi
Chupa ya kioo. Sisi tulipeleka kwenye chupa ya maji ya plastiki.